Ukuta wa Matumbawe Hautaki Saruji

Ndugu zangu, wengi wenu mlikuja Dodoma kikazi tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na nyumba ya wageni mliyoachiwa na wazee iko Bagamoyo au Pangani. Mnaiendesha kwa simu. Msimamizi akipiga kwamba lipu inamenyuka, mnatuma hela ya saruji. Saruji hiyo ndiyo inayoimaliza nyumba.

Kuta za zamani kule ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa kupitia lipu. Ukizivika saruji, maji hukosa njia: hupanda juu zaidi, chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Gonga kwa kidole. Ukisikia mlio wa debe tupu, lipu imeshaachia. Kinachonitisha zaidi ni boriti za mikoko. Ncha zake zimezama ukutani, zinaoza mahali jicho halifiki, na juu yake kuna mgeni amelala. Rangi ya mafuta nayo huziba vilevile.

Hapa tunapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na mchanga wetu ni wa korongoni, hauna chumvi ya bahari. Fundi aliyezoea hali hii msimpeleke pwani bila maelekezo.

Bandueni saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, maana mashine hulegeza mawe. Ukuta ukae wazi wiki kadhaa. Chumvi inayochomoza ifutwe kwa brashi kavu, kwani ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kisha chokaa iliyolowekwa, ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga wa mto, kamwe si wa ufukweni. Kila mkono wa lipu usizidi sentimita moja. Ning'inizeni magunia mabichi mbele yake siku kadhaa, kwa sababu chokaa ikikaushwa na upepo wa bahari hupasuka. Malizieni kwa chokaa nyepesi, mikono mitatu.

Hela ya kazi hii itengwe kabla ndugu hawajagawana mapato; ikisubiri baada ya mgao, haitapatikana. Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nendeni kwanza Idara ya Mambo ya Kale, inayosimamia majengo ya kihistoria. Na anayetaka kuongeza vyumba upande wa bahari akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.