Daraja Lianzie Kichwani kwa Mama wa Ndizi

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa chuo, habari za jioni. Mvua ikizidi kwenye bati nipungieni mkono, nitapaza sauti.

Nimeombwa nizungumzie daraja la waenda kwa miguu ambalo watu watafanyia biashara papo hapo, lenye mila zetu na lisiloumiza mazingira. Nadhani mlitarajia picha za ngao na mikuki ya Kihehe iliyochorwa kwenye kingo. Sikuzibeba.

Nina kisa. Daraja langu la kwanza la miguu nililiwekea kingo za bomba jembamba la chuma, nikalipaka rangi. Siku ya gulio nikaenda kulitazama. Akaja mama na mkungu wa ndizi kichwani, amechoka, anataka kutua. Atue wapi? Kwenye bomba mkungu haukai. Akiuweka chini, nani atamtwisha? Akasimama katikati, mkono mmoja juu, anangoja mpita njia wa kumtua, na nyuma yake foleni. Kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani mnaijua; basi ndizi bado ziko kichwani.

Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachochora ni ubao wa kutulia mzigo. Upana sentimita 40 hivi, kimo cha bega, kila baada ya hatua ishirini. Mama anakunja magoti kidogo, mkungu unahamia kwenye ubao. Akishapumzika, anaingia chini yake, ananyanyuka nao. Hajamwomba mtu. Mimi nikiulizwa mila iko wapi kwenye mchoro, naonyesha ubao huo.

Sasa uzito. Daraja la miguu tunalipigia hesabu ya watu waliosongamana, kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Urefu wa mita 30 kwa upana wa 4, hizo ni tani 60 kabla ya uzito wa daraja lenyewe. Ila wauzaji hawajipangi kama hesabu inavyotaka. Jua la mchana likipiga, wote wanahamia upande wenye kivuli, mzigo unaelemea huko, na daraja linataka kujipinda. Kwa hiyo kivuli kiwe pande zote mbili, yaani paa.

Paa ndilo linalookoa mbao pia. Miti tunayo, Sao Hill pale Mufindi ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Lakini paini isiyotiwa dawa, kwenye mvua ya Tukuyu, inaoza mapema mno. Na dawa ile inayoacha rangi ya kijani ina shaba, kromu na aseniki: itie kwenye mihimili, usiitie kwenye meza ya nyanya. Kule Luzern, Uswisi, kuna daraja la mbao la karne ya 14 lenye paa. Agosti 1993 moto uliteketeza sehemu yake kubwa kwa usiku mmoja. Mama lishe wangu, msinune: majiko ya mkaa yatakaa kwenye ncha mbili, juu ya mawe. Mawe hayatusumbui huku. Mto Kiwira wenyewe unapita chini ya Daraja la Mungu, na hilo ni mwamba wa volkano, halikuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji.

Vibanda ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Pale Ponte Vecchio, Florence, Italia, daraja la mwaka 1345, wauza nyama walikuwa na maduka yao juu ya mto. Mwaka 1593 mtawala akachoshwa na harufu, akawaondoa, akaweka masonara. Masonara wako hapo hadi leo. Kibanda kikishapendeza kodi inapanda, na wa kwanza kuondoka ni huyu wa ndizi. Ndiyo maana katikati ya mchoro huu hakuna kibanda hata kimoja. Kuna sakafu pana na ubao wa kutulia. Wenye vibanda wakae kwenye ncha. Katikati apange anayekuja na mzigo wake asubuhi na kuondoka jioni.

Mama pale nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipotaja kimo cha bega. Bega la nani, siyo? Njoo hapa mbele, futi ninayo.