Mtafiti Akipiga Hodi

Wakubwa zangu shikamooni. Wazazi, walezi na walimu, habari za asubuhi. Wengine mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nalisema tena kwa sababu bado halijafanyika. Utafiti wa tabia na maadili ya watoto hauna maana usipofika nyumbani, na nyumbani hauingii mpaka familia iridhie. Iridhie kwelikweli, si kusaini kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa amesimama mlangoni na mgeni.

Ngazi za maadili za Kohlberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyepanga hatua za mtoto kukua katika kupambanua jema na baya, ambazo kila aliyepita chuo cha ualimu amezikariri, zilianzia kwenye tasnifu yake ya mwaka 1958 kuhusu wavulana wa Chicago. Wavulana watupu, msichana hakuwamo hata mmoja. Na uchambuzi wa majarida makubwa ya saikolojia uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Halafu mtoto wa Tandale, Dar es Salaam, anapimwa kwa kipimo hichohicho, akionekana yuko chini tunamuuliza mwalimu mtoto huyu ana tatizo gani.

Sasa twendeni Oyugis, Nyanza ya kusini, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960. Carol Ember, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikuwa huko miongoni mwa Waluo. Kuteka maji, kusenya kuni, kupika, kuosha vyombo na kubeba mtoto zilihesabiwa kazi za wasichana. Lakini nyumba nyingine hazikuwa na binti wa umri wa kufanya kazi hizo, na mama hawezi kungoja binti azaliwe ndipo uji upikwe. Kazi ikamwangukia mvulana. Ember akawafuatilia wavulana hao palepale majumbani, akawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa kazi hizo. Waliozifanya kwa wingi walikuwa na ugomvi mdogo na ubabe mdogo, na mwenendo wao ulikaribia wa wasichana. Tofauti ilionekana zaidi kwa wale wa kazi za ndani, jikoni na kwa mtoto mchanga, kuliko waliotumwa maji na kuni tu. Na hakuwa akiwatazama wakiwa kazini peke yake. Hata kazi ilipokwisha, wakiwa wamekaa na wenzao, upole ule waliendelea nao.

Najua kuna anayesema moyoni: labda mama alimchagua yule aliyekuwa mpole tangu awali. Swali zuri, na Ember mwenyewe alilishughulikia. Kilichoamua nani apike kilikuwa zaidi ni kama nyumba ina binti wa kuifanya kazi hiyo au haina, na mtoto hachagui kuzaliwa baada ya dada au kabla yake. Lakini angeyajuaje hayo kwa kuwaita wavulana darasani na kuwapa dodoso? Asingejua. Ilibidi ajue nani ni kifungua mimba, nani ananyonya, mwiko umeshikwa na nani. Hayo yanajulikana uani.

Nang'ang'ania hapa kwa sababu mtafiti akija kwetu, tunaiharibu kazi kwa ukarimu. Mtoto anavalishwa nguo ya sikukuu, anaambiwa akae kimya kwenye kochi, mdogo wake anapelekwa kwa jirani, soda inafunguliwa. Mtafiti anaondoka ameona mtoto aliyekaa kwenye kochi! Jamani, endeleeni kumenya ndizi. Mwacheni abebe mdogo wake, wagombane, mmoja apokonywe kijiko, tuone nani atamtuliza mwenzake na kwa maneno gani.

Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watoto wa nchi 7, Uganda ikiwamo. Watoto wawili wanakaa wakitazamana, peremende zimewekwa kwenye trei mbili, na mmoja wao ana vishikio viwili. Akivuta cha kijani, kila mtu anapata zilizo upande wake. Akivuta chekundu, zote zinamwagika bakuli la katikati, hapati mtu. Kote, watoto walifikia umri wa kukataa wakipunjwa. Ila kukataa pale wewe ndiye unayependelewa, mwenzako akipata moja nawe nne, kulijitokeza kwa watoto wakubwa wa nchi 3 tu: Marekani, Canada na Uganda. Kwa nini Uganda, isiwe Senegal, ambayo nayo ilikuwamo? Kishikio hakiwezi kujibu. Wanaoweza kutuanzishia jibu ni bibi, mama, na kaka mkubwa anayegawa nyama.

Mtaniambia watoto wetu wasifanywe vitu vya majaribio. Sawasawa kabisa, ndiyo maana nasema ulizeni. Kibali kiko wapi? Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, tume za sayansi na teknolojia zinazotoa vibali vya utafiti. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ya nyumbani, na mwenyekiti akishawatambulisha aondoke, maana mbele yake nani atasema hapana? Mkikubali leo mnaweza kujitoa kesho, bila kutoa sababu. Na mtoto akisema hataki, basi, hata kama baba ameshasaini.

La mrejesho nilitaka kulizungumza kwa kirefu, muda unanibana. Msimkubalie mtafiti ambaye hasemi atarudi lini kuwaeleza alichokiona. Nimeona mitaa iliyohojiwa miaka na miaka, na hakuna mzazi mmoja aliyewahi kuletewa hata ukurasa.

Na video: nani ataitazama, itatunzwa wapi, itafutwa lini? Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo, Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mwenyekiti wa kikao ananionyesha saa. Maswali, tafadhali, na naomba tuanze na akina baba, kwa sababu kwenye fomu saini ni yao na majumbani wanaotujibu ni akina mama.