Meli Inayotakiwa Kutulia Ndani ya Barafu

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, asalaam aleikum. Leo nataka tuzungumzie suala linaloumiza vichwa vya wasanifu wa meli hapa Helsinki: namna ya kuunda meli itakayohudumia mitambo ya gesi iliyo chini ya bahari za Aktiki mwaka mzima, hata bahari inapoganda.

Mitambo ya namna hiyo si jambo la kufikirika. Snøhvit, eneo la gesi baharini kaskazini mwa Norwei, imekuwa ikitoa gesi tangu 2007 bila jukwaa lolote juu ya maji. Visima na vali vimelazwa sakafuni mwa bahari, na bomba la kilomita 143 huifikisha gesi mjini Hammerfest. Gesi ya Zafarani, iliyogunduliwa mwaka 2012 kusini mwa pwani yetu ya Tanzania, nayo iko kwenye kina kinachodai mitambo ya sakafuni. Snøhvit imebahatika, kwa kuwa mkondo wa maji vuguvugu huizuia bahari isigande. Kirinskoye, karibu na kisiwa cha Sakhalin nchini Urusi, haina bahati hiyo ingawa iko kusini zaidi: barafu huifunika kwa miezi mingi, na vali ikikwama katikati ya majira ya baridi, kuifikia ni kazi nzito.

Wengi hudhani ugumu uko katika kuvunja barafu. Hiyo ni elimu iliyokomaa. Ugumu uko katika kutulia. Meli ya matengenezo hushusha roboti kupitia tundu lililoachwa katikati yake, wazi hadi baharini kama kisima, na roboti hubaki imeunganishwa na meli kwa kebo ndefu. Kompyuta huziongoza rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma meli majini, ili meli isihame, zikipambana na upepo na mawimbi. Barafu husukuma kwa namna nyingine kabisa: huegemea ubavu wa meli, nguvu ikapanda, kisha ikavunjika na nguvu ikaporomoka ghafla. Kwa hiyo meli hulazimika kuelekezea omo (sehemu yake ya mbele) au tezi (sehemu ya nyuma) kule barafu inakotokea, na mwelekeo huo hubadilika kila upepo na mkondo wa maji unapogeuka.

Katika birika la majaribio, kielelezo cha meli kikipitishwa katika barafu iliyogandishwa, utaona vipande vilivyovunjika vikizama, vikiteleza chini ya meli na kuibukia ndani ya tundu lilelile la roboti. Ndiyo maana naamini usanifu uanzie kwenye tundu, na meli ijengwe kulizunguka.

Kuna mgongano mwingine. Omo lililolala, linaloipanda barafu na kuivunja kwa uzito wa meli, huteseka kwenye mawimbi ya bahari iliyo wazi. Wafini walilitatua hilo kwa ustadi katika meli za mafuta Tempera na Mastera: omo ni la mawimbi, tezi ni la barafu, na rafadha inayoweza kugeuzwa kuelekea upande wowote huiwezesha meli kwenda kinyumenyume barafu inapokuwa nene. Meli ya matengenezo ifuate njia hiyohiyo, pamoja na banda lililofunikwa la kuteremshia roboti, kwa kuwa rasharasha za bahari hugandia kwenye winchi na kreni.

Hata hivyo, meli hiyo haitafanya kazi peke yake. Nyingine ya kuvunja barafu itahitajika kutangulia upande barafu inakotokea, ikiikata vipande vidogo kabla haijaifikia meli ya matengenezo, na gharama yake lazima ihesabiwe tangu mchoro wa kwanza.