Hewa ya California, kibali cha Washington

Haya jamani, wale wa nyuma mnanisikia? Nataka tuulizane jambo moja tu leo, jimbo likitaka kubana uchafuzi kuliko serikali kuu inavyobana, nani alizuie na kwa nini.

Julai 1943 Los Angeles iliingiwa na moshi mzito mchana kweupe, watu macho yanawasha, koo linachoma, na kwa vile ilikuwa wakati wa vita wengine wakadhani Wajapani wamewarushia gesi. Kumbe moshi ni wa kwao wenyewe. Miaka ya 50 mwanakemia Arie Haagen-Smit wa Caltech, chuo kikuu cha huko California, akaonyesha kwamba mafusho ya magari na ya viwanda vya mafuta yakipigwa na jua ndo yanageuka ile sumu, na milima imeuzunguka mji, hewa haina pa kutokea. Kampuni za magari zilimbishia sana.

California haikungoja. 1966 ikaweka viwango vya moshi wa ekzosi, ya kwanza nchini, ndo maana 1967 Bunge la Marekani lilipokataza majimbo kujiwekea viwango vya magari mapya likaiachia California peke yake nafasi ya kuomba kibali, na 1977 wakaruhusu majimbo mengine kunakili viwango vyake.

Shida ni kwamba kibali kinatolewa na EPA, shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, na EPA iko chini ya rais. 2007 kibali cha kubana gesijoto za magari, zile zinazopasha dunia joto, kilinyimwa, 2009 kikatolewa, 2019 Trump akafuta, 2022 Biden akarudisha. Juni 2025 Trump akasaini maazimio ya Bunge kufuta vibali vya malori makubwa na vya mpango wa kuacha kuuza magari mapya ya petroli tupu ifikapo 2035, na siku hiyohiyo California na majimbo mengine 10 wakaenda kortini.

Wanaopinga California kuwa na viwango vyake wanasema viwango viwili vinavuruga soko. Mimi sikubaliani hata kidogo! Ile soketi chini ya dashibodi anapochomeka fundi mashine ya kusoma hitilafu ilitokana na sheria za California, halafu 1996 ikawa lazima Marekani nzima, na soko halikufa.

Halafu twendeni Wilmington, kando ya bandari za Los Angeles na Long Beach, malori ya dizeli yanapita karibu na nyumba na shule kutwa nzima. Wanaovuta ule moshi ni wale watoto, sio maseneta wa majimbo ya mbali waliopiga kura kuvifuta vile vibali, na kwangu hilo ni dhulma kabisa.

Haya, maswali.