Bei ya Gunia na Gharama ya Kilo

Ndugu wafugaji, hamjambo. Karibu maswali yote mliyoandika kabla hatujaanza yanauliza chakula cha bei nafuu kinapatikana wapi hapa Nairobi. Naomba tuanzie kwingine: nguruwe wako akiongeza kilo moja, kilo hiyo imekugharimu shilingi ngapi?

Tuseme chakula kimoja ni shilingi 45 kwa kilo, na nguruwe hula kilo 4 ndipo aongeze kilo 1. Hiyo ni shilingi 180. Kingine ni shilingi 55, lakini kilo 2.9 zinatosha: takriban shilingi 160. Kutoka kilo 30 hadi 90, huyo wa chakula "ghali" atakuachia zaidi ya shilingi 1,200. Mwenye nguruwe 20 apige hesabu mwenyewe.

Tofauti hiyo mara nyingi huletwa na laisini, kirutubisho cha protini ambacho mahindi na pumba zina kidogo mno. Ikikosekana, protini nyingine hutoka na mkojo na nguruwe hunenepa mafuta. Kwa nguruwe wa kilo 30 hadi 60, mchanganyiko wa kilo 100 unaweza kuwa hivi: mahindi yaliyosagwa 55, poladi (pumba laini za ngano) 22, mashudu ya soya 16, mashudu ya alizeti 4, chokaa ya mifugo 1, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) 1, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo, chumvi gramu 300 na laisini ya unga gramu 200. Hapo una protini ya asilimia 16 hivi. Vile vya gramu usivitupe juu ya rundo. Vichanganye kwanza na kilo 5 za unga wa mahindi, kisha utawanye na kupindua rundo zima kwa sepetu mara tano au zaidi. La sivyo mmoja atapata chumvi ya watano.

Soya mbichi ikaangwe, kwa sababu ina kizuizi kinachozuia protini kumeng'enywa. Omena nayo ijaribiwe kabla ya kulipa: tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utakaotuama chini ndio uliotaka kuununua kwa bei ya samaki. Mahindi yasagwe kwa chekeche ya milimita 3. Ukiona chembe nzima kwenye kinyesi, pesa imepita tumboni bila kufanya kazi.

Sasa hori. Tandika karatasi ya nailoni chini yake kwa siku moja, uzoe kilichomwagika, ukipime. Hori lililojaa hadi ukingoni humwaga sana, maana nguruwe husukuma kwa pua. Chakula kifunike theluthi moja tu ya sakafu yake. Angalia maji pia. Bonyeza nipo, yaani chuchu ya bomba ambayo nguruwe hunywea, ukikinga chupa ya lita moja: kwa nguruwe anayekua, ijae ndani ya dakika moja. Asiyepata maji ya kutosha hali vizuri, na wengi wetu hulaumu chakula bure.

Minyoo ni wezi wengine. Mkipeleka nguruwe kwenye kichinjio cha Ndumbo-ini, ombeni kuona ini. Madoa meupe juu yake ni njia walizopitia viluwiluwi vya minyoo, na hiyo ni dalili kwamba ratiba yako ya dawa ina pengo.

Mabaki ya hoteli? Yanapunguza gharama kweli, lakini yachemshwe nusu saa kamili huku yakikorogwa. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka nchi hii hii mwaka 1921, haina tiba, na virusi vyake hukaa kwenye mabaki ya nyama ya nguruwe.

La mwisho ni wakati wa kuuza. Akishapita kilo 90 hivi, sehemu kubwa ya kile anachoongeza ni mafuta, nayo hula chakula zaidi kuliko nyama. Huna mizani? Chukua utepe wa fundi nguo. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Mwenye mzingo wa 1.05 na urefu wa 1.10 ana kilo 84 hivi. Pima asubuhi kabla hajala, kila baada ya wiki mbili, uandike karibu na idadi ya magunia uliyofungua.