Labrador ni Mdomo: Mhadhara kwa Wanaotaka Kumfuga

Ahsante, mwenyekiti. Mabibi na mabwana, hamjambo.

Nitasema mapema nilichokuja kusema, ili hata wenye haraka wasiondoke mikono mitupu. Labrador alizalishwa kwa ajili ya mdomo wake. Mtu akija kwangu kulalamika kwamba mbwa amekula kiatu, mwingine kwamba anang'ata mikono ya watoto, mwingine kwamba amenenepa mpaka anahema akipanda ngazi, wao wanadhani wameniletea mashauri matatu. Mimi nasikia shauri moja.

Asili yake ni Newfoundland, upande wa Kanada. Wavuvi wa St. John's walikuwa na mbwa weusi wa manyoya mafupi mazito yasiyopitisha maji upesi, waliokuwa wakiruka baharini kuvuta kamba za nyavu na kuwadaka samaki waliochomoka kwenye ndoana. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli za samaki zikawa zinawafikisha Poole, kusini mwa Uingereza, na huko mabwana wakubwa waliopenda kuwinda bata wakawaona. Familia ya Earl wa Malmesbury iliwatunza, na katika miaka ya 1880 ikampatia Duke wa Buccleuch wa Scotland mbwa kadhaa, wakiwemo Ned na Avon, ambao wanahesabiwa miongoni mwa mababu wa Labrador wa leo. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, ilimtambua rasmi mwaka 1903, Marekani ikafuata 1917. Huko Marekani aliongoza orodha ya mbwa wanaosajiliwa tangu 1991 hadi 2021, kisha bulldog wa Kifaransa akampiku. Bulldog huyo ana shida zake za pumzi, lakini hayo si ya leo.

Mabwana wale walitaka nini? Walitaka mbwa wa kumfuata bata aliyepigwa risasi, amwokote majini, amrudishe mkononi bila kumtoboa hata ngozi. Kizazi baada ya kizazi walichagua mbwa mwenye hamu ya kubeba kitu na kukileta. Ndiyo maana mtoto wa Labrador wa wiki nane, ambaye hajawahi kuliona bwawa wala bata, atakiona kiatu chako mlangoni na kukibeba. Si mwizi huyo, yuko kazini.

Mtazameni vizuri siku hiyo. Amekishika katikati, shingo juu, mkia unatikisa mpaka kiuno. Anakuja kwako, lakini akifika hatua mbili tatu anakata kona na kukuzunguka. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunapiga kelele, tunamkimbiza, tunamkamata taya na kukipokonya. Kwa macho yake mchezo umenoga, na kesho atabeba kingine. Mkipokonya mara nyingi, ataanza kukimeza kabla hamjafika, na mbwa aliyemeza soksi anaweza kuishia kwenye upasuaji wa utumbo.

Fanya hivi badala yake. Chuchumaa, geuka upande, usimkodolee macho. Atakuja mwenyewe. Mkune kifua, kiatu usikiguse kabisa, mwache ajisikie fahari kidogo. Kisha msogezee kipande cha chakula puani. Mdomo unapofunguka, wakati uleule ndipo useme "achia". Neno lije na tendo; ukilisema kabla hajalielewa, unamfundisha kulipuuza. Fanyeni zoezi hilohilo na mwanasesere wake, na akishaachia, mrudishieni. Naona baadhi yenu mmekunja uso. Ndiyo, mrudishieni. Mbwa anayejua kwamba kukuletea kitu si kukipoteza, atakuletea hata mfupa aliouokota jaani, na siku hiyo mtanikumbuka.

Sasa kuchagua. Watu hutumia muda mrefu kujadili rangi, nami nitautumia mfupi. Nyeusi, njano na kahawia zote ni za Labrador, na watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na zote tatu. Jambo moja tu: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 kutokana na rekodi za madaktari wa mifugo ulikuta wa kahawia wakiishi miaka 10.7 kwa wastani wa kati, na wa rangi nyingine 12.1, na wa kahawia wakiugua zaidi masikio na ngozi. Dhana ya watafiti ni kwamba wazalishaji wanaoifukuzia rangi hiyo hupandisha mbwa kutoka kundi dogo la ukoo.

Kubwa kuliko rangi ni wazazi. Muulize mzalishaji eksirei za nyonga na viwiko vya baba na mama, zote mbili, kwa karatasi si kwa mdomo. Nyonga mbovu hurithiwa, na huonekana wakati moyo wako umeshamzoea mbwa. Uliza pia kuhusu macho, na kuhusu kipimo cha jeni cha ugonjwa unaomwangusha mbwa akifanya mazoezi makali: mbwa kijana mwenye afya anakimbilia mpira dakika kama kumi hivi, miguu ya nyuma inalegea, anadondoka. Mbwa huugua akirithi jeni hiyo pande zote mbili, kwa hiyo mzalishaji anayepima wazazi anaweza kuuepuka kabisa. Anayekuambia "hawa wangu hawana shida, sipimi" umemsikia, aga uondoke. Na omba kumwona mama akiwa na watoto wake. Mama mwoga au mkali anakueleza mengi.

Jueni pia kuna aina mbili za Labrador. Wa maonyesho ni wazito, vifua vipana, watulivu kiasi. Wa kazi ni wembamba, wepesi, na wasipopewa shughuli watajitafutia wenyewe ndani ya nyumba yako. Familia yenye watoto wadogo na muda mchache, nawashauri wa kwanza.

Kuhusu haja ndogo na kubwa sina mengi: mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, msifu palepale. Kuhusu kuzoea dunia, msichelewe. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne ubongo wake uko wazi kupokea watu wageni, watoto, kelele, magari. Chanjo ikiwa bado haijakamilika, mbebe mikononi mwende mkatazame.

Nirudi mdomoni, maana bado hatujagusa njaa. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro katika jeni iitwayo POMC, inayosaidia ubongo kujua kwamba tumbo limetosheka. Kati ya Labrador wa kusaidia walemavu waliopimwa, wenye kasoro hiyo walikuwa kama robo tatu. Tafakarini hilo. Inawezekana tuliwachagua kwa sababu wanafundishika, na wanafundishika kwa sababu chakula kwao ni kila kitu.

Basi itumieni njaa hiyo. Pima chakula cha siku kwa mizani, si kwa kikombe, kisha sehemu yake iwe ndiyo malipo ya mafunzo. Vipindi vifupi, dakika tatu nne, mara kadhaa kwa siku. Akivuta kamba, simama; ikilegea, lipa na uendelee. Fanya hayo angali mdogo, kwa sababu dume akikomaa hufika kilo 30 na zaidi, na hapo atakupeleka atakako yeye.

Na usiyaamini macho yake mezani. Katika utafiti mmoja Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote. Nusu walilishwa robo pungufu ya wenzao, na waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yakawachelewa. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzisikie kama unavyosikia mifupa ya nyuma ya mkono wako ukiunyoosha. Ukilazimika kubonyeza, punguza chakula. Chokoleti, zabibu, vitunguu na bazoka zisizo na sukari zenye xylitol ni sumu, na Labrador hafikirii mara mbili.

Mama pale nyuma ameuliza kama kumhasi mapema kutamtuliza. Kwa Labrador usikimbilie. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ulikuta matatizo ya viungo yakiongezeka kwa waliohasiwa kabla ya miezi sita. Zungumza na daktari wako wa mifugo, wengi watakushauri usubiri mifupa ikomae. Na akishahasiwa, punguza chakula wiki ileile, kwa sababu mahitaji ya mwili yatashuka ila njaa itabaki palepale. Utulivu unaoutafuta, mama, kwa Labrador huja akiwa na miaka miwili, wengine mitatu.