Tukimuuliza Mtu Mara Mbili: Uthabiti wa Madodoso ya Shughuli za Mwili

Ndugu zangu, nianze na takwimu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya kulijaribu dodoso la kimataifa la shughuli za mwili, IPAQ, katika nchi 12. Watu wazima waliulizwa jinsi wanavyoushughulisha mwili, kisha wakaulizwa tena baada ya siku chache. Majibu ya mara mbili yalifuatana vizuri: uwiano (0 ni kutofuatana kabisa, 1 ni kufuatana kikamilifu) ulikuwa karibu 0.8. Yalipolinganishwa na kifaa cha kurekodi mwendo, uwiano ukashuka hadi karibu 0.3. Yaani mtu anaweza kukupa jibu lilelile leo na wiki ijayo, na lisiwe sahihi siku zote mbili.

Hata hiyo 0.8 isitulevye. Tuseme kila mtu, mara ya pili, ametaja dakika maradufu ya zile za kwanza. Uwiano utatoka 1 kamili, ingawa hakuna hata mmoja aliyerudia jibu lake! Ndiyo maana wanatakwimu Bland na Altman, mwaka 1986, walisisitiza tuangalie tofauti ya vipimo viwili kwa kila mtu, dakika kwa dakika. Nawaomba sana mfanye hivyo kabla ya kuandika kwamba dodoso lenu ni thabiti.

Sasa twende shambani. Dodoso la Shirika la Afya Duniani, GPAQ, linauliza kazi nzito inayomfanya mtu aheme kwa angalau dakika 10 mfululizo. Mama anatwanga, mtoto analia, anaweka mchi chini, anambeba, anachochea moto, anarudi kwenye kinu. Hizo dakika 10 mfululizo azitoe wapi? Mwingine atakujibu tu, “Mimi sina muda wa mazoezi,” na jembe liko begani. Mwaka 2020 Shirika lenyewe liliondoa sharti la dakika 10 katika mwongozo wake, na kwa maoni yangu lilichelewa.

Halafu kuna mhoji. Saa moja ya palizi, akiiandika kazi nzito, dakika 60 zinazidishwa kwa 8, namba ambayo GPAQ huipa kazi nzito: 480. Akiiandika ya wastani, zinazidishwa kwa 4: 240. Jembe lile, jasho lile. Mkibadilisha mhoji katika marudio bila kukubaliana palizi inaingia wapi, mtalilaumu dodoso kwa kosa la mafunzo.

Kuhusu muda wa kurudia: mkirudi kesho, mtu bado anakumbuka alichosema. Mkirudi baada ya miezi mitatu, mlimwacha kwenye palizi, sasa amekwisha kuvuna. Maisha yake yamebadilika kweli. IPAQ huuliza siku saba zilizopita, kwa hiyo hata msiba wa jirani unaweza kugeuza jibu. GPAQ huuliza wiki ya kawaida. Mimi ningerudi baada ya wiki moja au mbili, msimu uleule, na ningemuuliza kila mtu kama wiki hiyo ilikuwa na safari, ugonjwa au shughuli ya kijiji, nikaliandika jibu lake pembeni ya dakika zake.